Nyumba Iliyotaka Hesabu

Haya aliniambia Atuganile, jirani yangu hapa Makete, tukimenya viazi Jumapili iliyofuata ule upepo mkali wa kipupwe.

Siku hizi upepo wa namna hiyo ukija, nyumba hujifunga zenyewe. Kwanza zinauliza mko wangapi, na zikishafunga hazimfungulii aliyezidi hesabu. Sasa Atuganile ni mtu wa zamani kama mimi, na kwetu watu hawahesabiwi. Ukiwahesabu, mmoja anapungua. Nyumba ilipouliza, akajibu, "Tupo sote." Mlango ukajifunga.

Kumbe mkwewe Subilaga yuko nje, anaingiza mbuzi bandani. Akaja akagonga.

"Mama, nifungulie! Mabati yanaruka huku!"

Nyumba ikasema, "Wote wamo ndani. Anayegonga si wa humu."

"Si wa humu vipi, wewe?" Atuganile akaifokea. "Ni mama wa hawa watoto!"

"Taja idadi."

"Hesabu tu, mama!" Subilaga analia huko nje. "Mbona kuku unawahesabu kila jioni?"

Atuganile akawatazama wajukuu wake wawili, akafumba macho. "Hawa wawili. Mimi wa tatu. Na huyo wa nne."

Mlango ukafunguka. Subilaga akaingia, vumbi mpaka kwenye kope. Wakanywa uji, wakajilaza pamoja, upepo bado unasukuma kuta. Watoto wakalala, mama yao akalala. Atuganile akabaki anasikiliza pumzi zao. Alitaka kusikiliza tu, lakini akajikuta anazihesabu, akimaliza anaanza tena, mpaka usingizi ukamchukua akiwa kwenye pumzi ya pili kati ya zile tatu.