Ncha za Nyama

"Ukimaliza nitapeleka sinia mwenyewe, mama. Wewe pumzika tu huku," binti yake alisema, akaufunga mlango wa jikoni. Mama akabaki peke yake na mngurumo wa friji.

Sebuleni baba wa mchumba wa binti alicheka. Kicheko kile alikijua. Ndicho kilichomsindikiza nje ya kiwanda cha nyama alipofukuzwa kazi mwaka wa mgomo.

Aliendelea kupanga jibini na nyama iliyokaushwa, vipande vyembamba kama karatasi. Ncha ngumu alizitenga pembeni kwa mazoea. Kiwandani hizo ndizo walizoruhusiwa wafanyakazi kula, tena wakiwa wamesimama.

Kisu kikasita.

Akavirudisha vile vyembamba kwenye friji, akatandaza ncha tupu kwenye sinia, akausukuma mlango kwa bega.

"Karibu, bosi," alisema. "Nisogezee kiti."