Mbawakawa wa Bonde la Verna

Verna alilipindua gogo la tisa, akapiga magoti matopeni na kupapasa chini yake. Minyoo. Konokono. Basi. "Balaa gani hii!" alisema, akalirudisha gogo taratibu kama lilivyokuwa.

Alikuwa akimtafuta mbawakawa mmoja tu, mweusi, mdogo kama kokwa ya tende, mwenye taya pana, anayeishi kwenye magogo yaliyolala ya huku Tasmania. Akionekana bondeni, kwa sheria msumeno hauingii. Asipoonekana hadi Ijumaa saa sita mchana, ofisa wa misitu anatia sahihi na bonde lote linafyekwa, pamoja na ule mkaratusi ambao Verna alimwaga majivu ya mumewe, Keith, kwenye mizizi yake.

Mdogo wake, Col, aliteremka na chupa ya chai na mkate wa nyama ya walabi, yule kangaruu mdogo.

"Dada, kwa umri huo unatambaa kama mtoto mchanga! Huyo mdudu wako alishahama zamani."

"Ahame na nini, na hata kuruka hawezi? Hebu tazama pale." Kati ya makangaga palikuwa na mistari mipana ya udongo mtupu. "Magogo yote manene niliyoyafunga utepe nije kuyakagua, hayapo! Wezi wa kuni wa mjini hao. Walaaniwe na vizazi vyao!"

Col alikohoa, akafungua chupa. "Watu hawana haya," alisema. "Kunywa, inapoa."

Ijumaa, ofisa alisubiri hadi saa sita na robo. Alikuwa binti mwenye huruma, lakini akatia sahihi.

"Nisamehe, mama. Ningemwona mmoja tu ningewafukuza hawa wakata miti wote."

"Najua, mwanangu. Nenda zako."

Misumeno ilikuwa ikingoja getini. Verna hajafika hata mlangoni kwake, ikaanza kunguruma.

Hakulia. Baridi ilikuwa imemwingia hadi kwenye mifupa. Alikwenda kwenye kibanda cha kuni. Angalau hizo zilikuwapo. Tangu Keith afariki, misimu kumi na mmoja ya baridi, Col alikijaza kibanda hadi darini na hakutaka hata asante. "Bila mdogo wangu ningeshaganda," Verna aliwaambia majirani kila mwaka, na alisema kweli.

Zilizopasuliwa zilikuwa zimekwisha. Chini kabisa lilibaki gogo moja zima, nene, jeusi kwa matope. Akaliinulia shoka na kulishusha kwa nguvu zote, kama anayempiga mtu.

Gogo lilikuwa limeoza ndani, likafunguka kama mkate. Mbawakawa saba walianza kutambaa kwenye mwanga, weusi, wadogo, taya zao pana zimetanuka. Wa nane alikuwa amekatwa katikati na shoka.

Verna aliligeuza lile gogo polepole. Kwenye gome lake, chini ya matope, ulikuwapo utepe wa rangi ya chungwa, na juu yake mwandiko wake mwenyewe: Hili nikague kwanza.