Maji Masafi Kupita Kiasi

Siku ya tano, karatasi ilibaki nyeupe. Mpima maji aliichungulia mpaka pua ikakaribia kulowa, kisha akacheka peke yake nyuma ya choo.

Kazi yake ilikuwa kwenye mabwawa ya majitaka ya mji. Antibiotiki wanazomeza watu haziishii zote mwilini. Nyingine hutoka na mkojo, zikafika mabwawani, na vijidudu vikazizoea kama mtoto anavyozoea kufokewa. Ndipo akabuni pipa la mkaa wa kuzinasa.

Baba mkwe wake alipopata kidonda mguuni na kupewa vidonge vya antibiotiki vya siku kumi, mpima maji alilifunga pipa hilo kwenye bomba la choo cha nyumbani. Maji yakishapita kwenye mkaa, anachovya karatasi. Ikigeuka zambarau, dawa imepenya. Ikibaki nyeupe, mkaa umeinasa. Mkuu wake akiridhika, mabwawa yatawekewa mapipa makubwa.

Mzee alimezeshwa tangu siku ya kwanza.

"Baba, dawa."

"Umekuwa askari jela sasa." Alitia kidonge mdomoni, akapiga funda la maji. "Haya, kaandike."

Kisha akashika mkongojo, akachechemea hadi kwa kuku wake kipenzi, ambaye naye alikuwa akichechemea, mguu umevimba.

"Huyu ndiye mwenzangu," alisema. "Wewe mkwe wangu unapenda choo changu tu."

Siku ya sita, asubuhi, mzee alikuwa ndiyo kwanza amepewa kidonge chake pale mkuu alipofika. Akazitazama karatasi, nyeupe zote.

"Na kabla ya mkaa, umepima?"

"Ya nini, bosi? Mzee anameza mbele ya macho yangu."

"Pima."

Akafungua bomba kabla halijaingia kwenye pipa, akachovya. Wakangoja. Nyeupe. Akachovya nyingine. Nyeupe pe.

"Labda karatasi zimeharibika," alisema mpima maji, akizigeuzageuza.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mzee alitoka akichechemea vilevile, midomo kaifumba kama mwenye siri, asiwaone walioinama nyuma ya choo. Kuku akamjia mbio, miguu yote miwili mizima, akasimama mbele yake, akapanua mdomo.