Jeneza la Sebuleni

Jeneza lilifika Jumamosi asubuhi, na katika nyumba ile hakuna aliyekuwa hata na mafua.

Vijana wawili wa kuleta mizigo walilipandisha ngazi huku wakihema. Majirani wa mtaa ule wa ughaibuni, Brooklyn Park, ambao hawasalimiani hata theluji ikiwafukia pamoja, walifungua milango na kutoa simu. Griffins akawapungia mkono kama mtu aliyeletewa friji mpya.

"Happy birthday, Baba!"

Baba yake, Mzee Wanjohi, mwalimu mstaafu wa Murang'a, alilizunguka polepole. Akaligonga kwa kidole, akauliza kama ni mbao kweli au ni zile za kubandikwa. Kisha akakaa kwenye kochi. Peris, mke wa Griffins, alikimbilia jikoni kulia, maana sebule yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo moja.

Zawadi ile ilitokana na masomo. Griffins alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wagonjwa, huku akisomea uuguzi kwa mtandao. Chuo kilimtaka achukue kozi moja isiyohusu sindano wala vidonge, naye akaangukia maisha ya watu wa kawaida katika Uchina ya kale. Tangu hapo hakuna aliyepumzika. Ukila naye ugali, atakuambia wakulima wa Uchina walivyosaga mtama. Mkeo akichelewa kuamka, atakueleza jinsi bibi arusi wa kule alivyomtangulia jogoo. Na alama zake zilikuwa za juu, mtu anayefanya shifti mbili na kulala na viatu! Peris alisema ni neema, na kanisani wakampigia makofi.

Mzee Wanjohi yeye alikuwa amekuja kwa ziara fupi, ziara ikaota mizizi. Peris na Griffins wakienda kazini, alibaki na kompyuta, dirisha na theluji. Alitaka kurudi kwao. Hakuwa mgonjwa, lakini alijua umri wake, na aliogopa kufia mahali ambapo hata mbwa wa jirani hamjui jina.

"Nirudishe nyumbani nikiwa bado natembea," alikuwa akisema.

"Semester iishe kwanza, Baba."

Semesta ikaisha, nyingine ikaanza. Mzee alilia mara moja, bafuni, bomba likiwa wazi.

Sasa badala ya tiketi alikuwa amepewa sanduku la kulalia milele. Peris alilifunika kwa vitambaa vyake vya kufuma, akaweka juu yake rimoti na picha ya arusi, akamwomba Mungu alifanye lifanane na meza.

Haikusaidia. Video za majirani zilifika kwa Nkirote, mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke asiyesubiri habari ikamilike ndipo aitume. Kabla ya chakula cha mchana watu walikuwa wakiandika "pole sana" kutoka Saint Paul hadi Champlin. Kamati ya mazishi iliundwa, ikapata mwenyekiti, mweka hazina na wajumbe wawili waliokwisha kununiana. Jioni walifika wote, wamevaa nyeusi, wamebeba chapati.

Mlango ulifunguliwa na marehemu.

"Karibuni," alisema Mzee Wanjohi. "Chai iko tayari."

Nkirote aliketi, akaweka kikombe chake juu ya kitambaa, akagundua kimewekwa juu ya nini, akaruka.

"Griffins! Unamharakisha mzee aende wapi?"

"Auntie, relax. Hii ni heshima. Wachina wa kale, watu wa kawaida tu, wakulima kama sisi, mtoto mwema alimnunulia mzazi jeneza mapema. Mzee analiona, analipaka rangi kila mwaka, anafurahi. Niliandika essay nzima. Nilipata A!"

"Kwa hiyo na sisi ni Wachina?"

"Msimkaripie," Mzee aliingilia, sauti yake imenyongea. "Mtoto amesoma. Yeye ameamua nitazikwa huku kwenye barafu. Mimi ni nani?"

Hapo akina mama wakaanza kulia kikweli. Mwenyekiti wa kamati alisimama akasema kamati ikishaundwa haiwezi kuvunjwa bila kumsafirisha mtu, na kwa kuwa aliyepo ni mzima, basi asafiri akiwa amekaa kwenye kiti. Wakapitisha kwa kauli moja. Nkirote aliongeza kwamba asipoona tiketi, Jumapili atasimama mbele ya kanisa na ile video.

Griffins alikubali. Ila alikuwa amepauka kuliko aibu yenyewe ilivyostahili, na aliomba mno waahirishe kidogo.

"Just one week," alisihi. "Tafadhali. Wiki moja tu."

Hawakumpa hata siku. Tiketi ilinunuliwa mbele yao, huku Nkirote akimchungulia begani.

Jumatatu, katika uwanja wa ndege, Peris alimfunga mkwewe skafu akamwombea. Griffins aling'ang'ania sanduku la nguo kana kwamba ndege isingeondoka bila hilo.

"Baba, ungengoja hata Ijumaa ipite."

Mzee Wanjohi alimbandua vidole taratibu, akamkumbatia kwa nguvu, maana alimpenda.

"Insha na mitihani mingine yote nimekufanyia, mwanangu. Huu wa Ijumaa ufanye mwenyewe; na wakikuuliza habari za jeneza, ongeza ile nusu niliyokuficha, kwamba mzee alipewa akiwa kwao."