Masikio ya Fundi Redio

"Kwa fundi redio unasikiliza tu, mdomo hufungui," mke wa dobi alimkanya mwanawe mlangoni.

"Hata kupiga chafya, mama?"

"Hata chafya. Meza."

Mtoto akacheka. Mama hakucheka; aliwakumbuka waliokwisha kubebwa. Wakati wa vita vya Hitla, watu walijazana kibandani kwa fundi kusikiliza habari. Muuza maziwa akaropoka kwamba gavana atafukuzwa. Polisi wakambeba. Ilipokaribia bendera ya wakoloni kushushwa, akabebwa mwalimu. Wanajeshi walipopindua serikali, akafuata kinyozi. Wote walikuwa wateja wa fundi. Nani mwingine angewachoma kwa polisi?

Mume wake, yule dobi, alikuwa kinyume kabisa cha fundi. Mtaa mzima ulimwita Bubu. Jioni mke alikaa karibu na meza ya pasi, akammwagia ya mtaani: nani kasema nini, nani kaingia kwa nani. Mtu lazima autue moyo mahali. Bubu alipuliza makaa, akanyoosha kola, akajibu, "Mhm." Kila Ijumaa alipeleka sare za polisi kituoni. Vifungo vilikuwa na taji, vikaja vya nchi huru, vikaja vya wanajeshi. Pasi ilikuwa ile ile.

Mwaka binadamu alipokanyaga mwezi, mtoto alikuwa kijana wa kunyoa ndevu, na kwa fundi hatoki.

"Baba watoto," mke alisema, "mwanao anasikiliza stesheni ya wale waliokimbia nchi. Na vikaratasi vyao anavigawa. Yule fundi atamchoma kama alivyowachoma wenzake. Mwanao anakuheshimu wewe. Fanya kitu."

Bubu akaiweka pasi wima. "Niachie mimi."

Usiku ule mama alilala usingizi mzito.

Wiki haikuisha, gari likaja likawabeba fundi na kijana pamoja. Fundi alirudi baada ya miaka, hana meno ya mbele. Kijana hakurudi.

"Umemuuza mwanangu, wewe ukarudi!" mama alimpigia fundi kelele barabarani.

"Na meno yangu, mama, nimemuuzia nani?"

Hakumwamini. Alimlaani mpaka fundi akafa, na msibani hakukanyaga.

Bubu alifariki karne ikikaribia kwisha. Walipotoka kuzika, gari la serikali likasimama uani. Akashuka mzee wa suti, akavua kofia, akamshika mjane mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Tawala zimekuja na kupita, na zote zilimtegemea mzee. Mitaani tulikuwa na watu wengi, lakini si kama yeye."

"Mume wangu alikuwa dobi, baba."

"Najua, mama." Akainamisha kichwa kwa heshima. "Wengine watoto wao waliwaficha. Yeye wa kwake alitutajia mwenyewe."