Sahani ya Heshima

Kwa miaka thelathini Dakta Kasiva alipasua mizoga ya vifaru. Aliajiriwa kutafuta kilichowaua, lakini ndiye aliyegundua namna ya kutoa mayai kwenye ovari za majike waliokufa na kuyakuza hadi ndama wakazaliwa. Vifaru wakajaa tena mbugani. Na sheria ilikuwa wazi: aina yoyote ya mnyama ikifikisha elfu kumi, inaondolewa kwenye ulinzi na kuingizwa buchani.

Siku wakwe walipokuja kumposa binti yake, Mwende, walikuja na sufuria yao. Mzee Nthenge, baba wa kijana, alimpakulia Kasiva kwa mkono wake mwenyewe.

"Kifaru huyo, Daktari. Bila wewe tusingeijua ladha yake."

Kasiva aliutazama mnofu uliokuwa uking'aa mafuta. Wanyama hawa aliwanywesha maziwa kwa chupa. Akatia kipande mdomoni, kikakaa ulimini.

"Mama, meza tu," Mwende alimnong'oneza. "Usiniaibishe."

Akameza. Akatabasamu, akaomba radhi, akaenda bafuni akatapika mpaka nyongo. Alisukutua mara tatu, lakini harufu ya mchuzi haikumtoka puani, na kilichomtia kinyaa zaidi ni mate yaliyoanza kumjaa mdomoni.

Mwende akagonga mlango, sauti yake imejaa furaha.

"Mama, wamekubali mahari! Ila siku ya harusi wanaomba ndama. Wanasema wewe ndiye unayewajua walio laini."

Kasiva alifungua bomba mpaka mwisho.