Makofi Nyuma ya Ukuta

"Mkuu wa idara awe huyu," Mama Kimya alisema kikaoni, akimnyooshea kidole mtu ambaye yeye mwenyewe alimwonea wivu hadi kukosa usingizi. "Ana kipaji, ana subira, anapendwa. Tutampata wapi mwingine kama huyu?"

Wahadhiri wakatazamana. Jina la Mama Kimya alibandikwa na wanafunzi tangu apewe kazi ya kusimamia mitihani, na sifa za watu hazikuwa zikimtoka mdomoni hivi hivi.

Anko, kama wanafunzi walivyomwita mhadhiri huyo kijana, alishika kichwa. "Dada, unaniua! Mimi mtu wa darasani. Nikifungiwa ofisini na mafaili nitanyauka."

Mama Kimya akatabasamu. Alitaka anyauke.

Darasa la mwaka wa kwanza lilikuwa lake kabla Anko hajaja. Siku hizi alibakiwa na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, nusu yao wakisinzia, huku nyuma ya ukuta ukumbi mzima ukicheka na kumpigia Anko makofi. Makofi! Kwa somo la takwimu! Kila yalipopigwa, chaki ilimvunjikia mkononi. Alimchukia kijana wa watu bila kosa, alijua hivyo, na bado alimchukia.

Lakini mkuu wa idara hafundishi. Wote waliokalia kiti kile walizama kwenye vikao hadi wakasahau hata ubao unafutwaje. Anko akikaa pale, darasa litarudi kwa mwenyewe.

Kura zikapigwa, Anko akapita. Wiki hiyo Mama Kimya alifukua maelezo yake ya zamani ya kufundishia, akafanya mazoezi ya vichekesho mbele ya kioo, mpaka mumewe akamgusa paji la uso kuona kama ana homa.

Jumatatu mkuu mpya akaitisha kikao cha kugawa vipindi.

"Ratiba sasa naipanga mimi, kwa hiyo mwaka wa kwanza nabaki nao mwenyewe," alisema Anko. Kisha akamgeukia Mama Kimya, machozi yakimlengalenga. "Ila fadhila za dada yangu sijazisahau. Kuanzia leo ni naibu wangu. Vikao na mafaili atanishikia yeye. Vipindi nimemwondolea vyote, naye apumue."

Chumba kizima kikasimama na kumpigia makofi.